Boya Lililoshonewa Baharia

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari kijana wa Uingereza, Edgar Pask, aliutoa mwili wake kwa jaribio ambalo kamati za maadili za leo zisingeliruhusu. Alipigwa nusukaputi mpaka fahamu zikamtoka, akatiwa mpira wa kupumulia kooni, akavishwa jaketi la kuokolea maisha, kisha akatumbukizwa bwawani. Wenzake wa Oxford, chini ya Profesa Robert Macintosh, walitaka kujua jambo moja: rubani aliyezirai akiangukia baharini, ni jaketi gani litakalougeuza uso wake uelekee juu?

Namtanguliza Pask kwa sababu swali lake ndilo ambalo kila mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anapaswa kuliuliza kabla hajamvisha mwanawe boya lolote. Uso utakaa wapi? Kuelea peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kuelea vizuri kabisa huku mdomo na pua vimezama.

Kabla ya jaribio la Pask jaketi lilikuwa na karne nzima ya historia, na historia hiyo yote ilikuwa ya baharia mzima wa viungo. Mwaka 1854 Nahodha John Ross Ward, wa shirika la mashua za uokoaji la Uingereza, alibuni fulana ya vipande vya koki vilivyoshonwa kwenye turubai. Mwezi Februari 1861, mashua ya uokoaji ya Whitby ilipinduka katika dhoruba, wakafa waokoaji 12 kati ya 13. Aliyesalia, Henry Freeman, alikuwa amevaa fulana ile mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 koki ilianza kuipisha sufi, sufi hii hii ya msufi tunayoijua pwani kwa kujazia mito na magodoro: ni nyepesi, na nyuzi zake zina nta inayozuia maji yasipenye. Baadaye zikaja sponji za plastiki na mifuko ya hewa. Maboya ya mikononi yanayojazwa pumzi, ambayo watoto wengi huyavaa bwawani, yaliingizwa sokoni mwaka 1964 na Bernhard Markwitz wa Hamburg, baba ambaye binti yake mdogo alinusurika kufa maji.

Vyote hivyo vilipimwa kwa mwili ambao upande wa kulia unalingana na wa kushoto. Ndani ya maji, uzito huvuta chini na maji husukuma juu. Nguvu hizo mbili zisipokuwa kwenye mstari mmoja, mwili huzunguka mpaka zipatane. Miguu iliyonyauka kwa polio huwa myepesi, hupanda juu. Aliyekatwa mguu mmoja huviringika upande. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akishtuka, misuli yake hukakamaa na kumgeuza ghafla. Mfunge mmoja wao maboya mawili yanayofanana mikononi, na huenda umemfunga katika mkao ule ule unaomhatarisha.

Hata hivyo watu hawa waliyapenda maji. Franklin Roosevelt, aliyepoozwa na ugonjwa mwaka 1921, alifika Warm Springs, Georgia, mwaka 1924 kufuata chemchemi yenye joto la takriban nyuzi 31. Ndani ya maji yale aliweza kusimama na kutembea kwa miguu iliyokataa kumbeba nchi kavu. Mwaka 1926 akainunua sehemu hiyo, ikawa kituo cha wagonjwa wa polio, miaka kadhaa kabla hajawa rais wa Marekani.

Aliyebadilisha fikra zaidi hakuwa daktari. James McMillan alikuwa mhandisi, mtaalamu wa mwendo wa maji. Mwaka 1949 alianza kuwafundisha kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule ya Halliwick, Southgate, kaskazini mwa London. Kwa ujuzi wake aliona kwamba tatizo la wasichana wale halikuwa kuzama. Tatizo lilikuwa kuzunguka bila kutaka. Basi akayaweka maboya kando. Kila mwanafunzi alipewa mtu wake majini, wa kumshikilia pale tu alipohitaji na kumwachia kidogo kidogo. Somo la mwanzo lilikuwa kuzoea maji na kutoa pumzi ndani yake. Likafuata la kujigeuza, kutoka kulala kifudifudi hadi uso kuwa juu, kwa kichwa na mabega. Mitindo ya kuogelea ilikuja mwisho kabisa, katika mpangilio wa hatua kumi. Masomo yalikuwa michezo, na mwanafunzi aliitwa mwogeleaji, si mgonjwa. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha kueneza mafunzo hayo, na leo njia ya Halliwick inafundishwa katika nchi nyingi.

Hoja yake dhidi ya boya ilikuwa nzito: boya halijui lini lilegee. Mkono wa mwalimu unajua. Boya likitoboka au kuchomoka, aliyelitegemea hana alichojifunza.

Wenzake wa Bad Ragaz, Uswisi, walikuwa na mtazamo mwingine. Tangu 1957 wataalamu wa fiziotherapia huko walimlaza mgonjwa chali majini kwa maboya ya duara shingoni, nyongani na vifundoni, kisha wakamfanyisha mazoezi ya misuli. Kwa kazi hiyo maboya yanafaa sana, kwani mikono ya mtaalamu inabaki huru. McMillan mwenyewe alikwenda kufanya kazi Bad Ragaz miaka ya 1970. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki, ila ni lazima tutofautishe makusudio: kutibu kiungo, kujifunza kuogelea, au kustarehe tu. Starehe nayo ni haki. Mtu asiyeweza kuigeuza shingo yake kamwe asinyimwe bahari eti kwa sababu hatofika hatua ya kumi. Huyo anahitaji boya la kushika kichwa, na mtu wa kando yake.

Waogeleaji wa Paralimpiki, michezo iliyoanza Roma mwaka 1960, hushindana bila boya wala kiungo bandia. Wametuonyesha umbali ambao mwili unaweza kufika ukifundishwa vyema. Lakini wengi wetu hatuendi baharini kushindana. Ufaransa, katika fukwe nyingi, mtu wa kiti cha magurudumu hukuta kiti kinachoelea, chenye matairi mapana yanayopita mchangani na kuingia naye hadi majini.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja burudani na michezo waziwazi. Wenye hoteli na wasimamizi wa fukwe kuanzia Lamu hadi Mtwara, wekeni njia imara ya kufika majini, kiti kimoja cha kuelea, na mtu aliyefunzwa. Nanyi wazazi, boya jipya lijaribuni kwanza kwenye maji tulivu ya kiunoni, mtoto akiwa mikononi mwenu. Mgeuzeni taratibu upande huu na upande huu. Kama uso wake haurudi juu wenyewe, boya hilo si lake, hata kama muuzaji ameapa.