Kuasili kijana nchini Marekani

Kuasili kijana nchini Marekani ni utaratibu wa kisheria ambao mtoto aliyefikia umri wa ujana, mara nyingi akitoka katika malezi ya kambo yanayosimamiwa na jimbo, anakuwa mwana halali wa mzazi asiyemzaa. Sheria za kuasili ni za kila jimbo, ingawa serikali ya shirikisho hutoa sehemu ya fedha na kuweka masharti yake. Tofauti na mtoto mchanga, kijana huja na makaratasi tayari: cheti cha kuzaliwa, namba ya Hifadhi ya Jamii, rekodi za shule na za chanjo, pengine hata hati za mshahara wa kazi ya likizo, na zote zina jina lake la zamani. Tena muda ni mfupi, kwa sababu haki kadhaa hufungwa au hubadilika anapotimiza miaka 18.

Kabla ya hukumu

Mzazi mtarajiwa hukaguliwa nyumbani na afisa ustawi wa jamii, huchukuliwa alama za vidole, na kutoa hati za mapato, afya na ndoa. Chini ya sheria ya Adam Walsh ya mwaka 2006, daftari za unyanyasaji wa watoto huangaliwa katika kila jimbo alimoishi miaka 5 iliyopita. Mtu aliyehamahama husubiri majibu kutoka majimbo kadhaa, na hapo ndipo faili nyingi hukwama.

Kijana mwenyewe lazima aridhie. Umri wa ridhaa hiyo ni miaka 12 huko California na Texas, na miaka 14 huko New York. Kama ana asili ya makabila ya Wenyeji wa Marekani, sheria ya mwaka 1978 huitaka mahakama kuhakikisha kabila lake limehusishwa.

Hati inayosahaulika kwa hasara kubwa zaidi ni mkataba wa ruzuku ya kuasili, ulioanzishwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1980. Humpatia mtoto mwenye "mahitaji maalumu" malipo ya kila mwezi na bima ya afya ya Medicaid, na mzazi hurudishiwa gharama za mara moja, kama vile za wakili, hadi dola 2,000. Maneno "mahitaji maalumu" hayana maana ya ulemavu peke yake: katika majimbo mengi umri mkubwa wa mtoto unatosha, maana watoto wakubwa hupata familia kwa shida. Mkataba huu unapaswa kusainiwa kabla hakimu hajatoa hukumu. Baada ya hapo ni vigumu sana kuupata. Kwa hiyo haraka ya kuwahi tarehe ya mahakamani, ambayo familia nyingi huwa nayo, inaweza kumgharimu kijana bima yake.

Baada ya hukumu

Karani wa mahakama hutoa nakala za hukumu zenye muhuri, na ni busara kuomba kadhaa kwa pamoja, kwani kila ofisi hutaka yake. Cheti kipya cha kuzaliwa hutolewa na jimbo alikozaliwa mtoto, si jimbo alikoasiliwa, na kile cha awali hufungwa. Taarifa za Hifadhi ya Jamii hurekebishwa kwa fomu SS-5. Kijana kwa kawaida hubaki na namba ileile, jina na wazazi tu ndivyo hubadilishwa. Shule, benki, daktari na ofisi ya leseni za udereva hufuata.

Nafuu ya kodi kwa wanaoasili, iliyoanza mwaka 1997, huombwa kwa fomu 8839. Mzazi wa mtoto wa malezi ya kambo aliyethibitishwa na jimbo kuwa na mahitaji maalumu huweza kudai kiwango chote hata kama hakutumia fedha zake.

Masomo ya juu

Kijana aliyekuwa katika malezi ya kambo wakati wowote tangu atimize miaka 13 huhesabiwa kuwa anajitegemea katika fomu ya FAFSA ya msaada wa masomo. Mapato ya mzazi aliyemuasili hayaulizwi, hivyo msaada huweza kuwa mkubwa zaidi. Chuo huweza kudai uthibitisho, kwa hiyo barua ya jimbo inayoonyesha tarehe za malezi ya kambo inafaa kutunzwa pamoja na hukumu. Aliyeasiliwa baada ya kutimiza miaka 16 hubaki pia na haki ya huduma za mpango wa Chafee, kufuatana na sheria ya mwaka 2008.

Ndugu kutoka Afrika Mashariki

Wahamiaji wengi hutaka kumuasili mpwa aliyebaki nyumbani. Sheria ya uhamiaji ya Marekani kwa kawaida hudai kuasili kukamilike kabla mtoto hajatimiza miaka 16, na mzazi awe amekaa naye na kuwa na mamlaka ya kisheria juu yake kwa miaka 2. Desturi ya mjomba kulea mtoto wa dada yake bila kutambuliwa kisheria haitoshi. Kenya, Rwanda na Burundi zimo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, wenye fomu na hatua zake. Tanzania na Uganda hazimo. Mtoto mwenye umri wa miaka 16 au 17 huweza kukubaliwa ikiwa ndugu yake wa damu aliye mdogo ameasiliwa na mzazi huyohuyo.