Vilebu Wanane: Habari za Picha Moja na Kesi Yake

Mwaka 1838, mjini Paris, Louis Daguerre alikiweka chombo chake cha picha dirishani, akakielekeza kwenye barabara iitwayo Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na watu, farasi na magari. Lakini picha ilipotoka njia ilionekana tupu, kana kwamba mji umehamwa. Walioonekana ni mtu mmoja aliyesimama akisuguliwa viatu, na kivuli cha msuguaji wake, kwa sababu hao ndio waliotulia muda wa kutosha hata bamba la fedha likawashika. Wengine wote waliokuwa wakienda zao hawakuacha alama yo yote. Basi kama hayo yaliwapata watu wazima wenye akili zao, yafaa kuuliza ilikuwaje hata kiumbe asiyetulia kuliko wote, yaani mtoto wa mbwa, akapata kuwa mmoja wa wanaopigwa picha zaidi duniani, ameketi safuni pamoja na ndugu zake kana kwamba ameombwa kwa heshima naye akakubali.

Waswahili humwita mtoto wa mbwa kilebu, ingawa neno hilo siku hizi halisikiki sana. Kilebu huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho yake hufunguka apatapo siku kumi hadi kumi na nne, masikio baada ya hapo kidogo, na huanza kutembea kwa kuyumbayumba katika juma la tatu. Kabla ya hapo muda wake karibu wote ni kulala na kunyonya. J. P. Scott na J. L. Fuller, wataalamu waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, walieleza katika kitabu chao cha 1965 ya kuwa tangu juma la tatu hadi kama la kumi na mbili ndipo kilebu anapojifunza kuwazoea wenziwe na watu. Ndio wakati huo huo ambao watu humwona ana sura ya kupendeza. Nao ndio wakati ambao kila kitu kwake ni cha kunusa, kutafuna au kukimbilia. Kwa hiyo mpiga picha anamtaka kilebu katika umri ule ule ambao hawezi kabisa kumpata akiwa ametulia. Wazoefu wa kazi hii humchezesha mpaka achoke, humlisha, kisha huungoja ule muda mfupi kabla ya usingizi. Muda huo ukipita hawana la kufanya ila kungoja tena.

Ufundi wa picha uliongeza mwendo polepole. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kutumia kioo chenye dawa mbichi, na muda wa kufunua kioo ukapungua kutoka dakika hadi sekunde. Mwaka 1871 Richard Maddox aliandika juu ya kioo chenye dawa kavu, na vioo vya namna hiyo vilipokwisha kutengenezwa vizuri viliweza kushika picha kwa sehemu tu ya sekunde. Eadweard Muybridge alimshika farasi akienda mbio mwaka 1878, na katika kazi yake kubwa ya 1887, yenye kurasa za picha 781, mbwa nao wamo wakikimbia. Lakini kumpiga picha mnyama anayekimbia na kumpiga picha mnyama aliyekaa kitako ni kazi mbili mbalimbali. Ya kwanza yataka chombo chepesi. Ya pili yataka mtu mwenye saburi, na historia za ufundi huu, zipendazo kuhesabu vyombo, aghalabu humpita mtu huyo bila kumtaja.

Mmoja wa watu hao alikuwa Harry Whittier Frees, aliyezaliwa mwaka 1879 mjini Reading, Pennsylvania, katika Marekani. Yasemekana alianza mwaka 1906, nyumbani, katika karamu ya siku ya kuzaliwa: kofia ya karatasi iliyokuwa ikizungushwa mezani ikaishia kichwani mwa paka, naye akapiga picha. Tangu hapo akawa mtu wa kuwavika nguo wanyama wachanga, paka zaidi na vilebu, na kuwapiga picha wakifua nguo, wakipika, wakiendesha vigari na wakisikiliza redio. Picha hizo ziliuzwa kama kadi za posta, na nyingine zikawekwa katika vitabu vya watoto. Kimoja kilichotoka mwaka 1915 kinaitwa The Little Folks of Animal Land, na kingine cha 1929 ni Animal Land on the Air.

Frees alifanya kazi kwa muda wa moja ya tano ya sekunde. Msomaji asidhani kuwa huo ni muda mfupi. Katika moja ya tano ya sekunde kilebu aweza kugeuza kichwa, kupiga mwayo na kuutupa ukingoni mwa meza mkate aliopewa kuushika. Nguo zilishonwa kwa makusudi hayo, zikafungwa kwa pini mahali pa vifungo ili zivalike upesi, na ugumu wa kitambaa ulisaidia kumsimamisha mnyama. Sehemu kubwa ya vioo alivyopiga vilitupwa. Kazi yenyewe ilimchosha roho hata akawa anaifanya kwa muda wa miezi mitatu tu kila mwaka, na miezi iliyosalia akipumzika na kubuni mambo mapya. Yeye mwenyewe aliandika ya kuwa vilebu ni wasikivu kwa mtu anayewaelewa, kwamba sungura ni rahisi lakini hawana mengi ya kuigiza, na kwamba nguruwe ndiye mgumu kuliko wote. Aliandika pia kuwa hakutumia ila upole na uvumilivu. Ushahidi huo ni wa mtu mmoja, tena wa mwenye duka. Wanyama wenyewe hawakuulizwa, na wako watazamaji wa siku hizi wanaozitilia shaka picha hizo. Hata hivyo jambo moja halina shaka. Kila moja ya picha zile zinazoonekana kuwa mchezo wa watoto ilitengenezwa kwa mkono, tangu mshono wa nguo hadi pembe ya sikio. Frees alifariki Florida mwaka 1953, na kadi zake zikaendelea kuzunguka duniani katika mikono ya watu wasiojua jina lake.

Wakati huo chombo kilikuwa kimekwisha kumshinda kilebu. Tangu miaka ya 1930 Harold Edgerton, huko Massachusetts, alikuwa akitumia mimweko ya umeme iliyoweza kusimamisha hata risasi hewani. Na baada ya Vita Kuu ya Pili taa za namna hiyo zikaingia katika vyumba vya wapiga picha wa kawaida. Haikuwa lazima tena mnyama atulie. Lakini watu hawakuacha kutaka safu. Walitaka vilebu wote waonekane kwa pamoja, nyuso mbele, asikosekane hata mmoja, wala hakuna taa iwezayo kuwapanga. Matakwa hayo ndiyo yaliyomleta Art Rogers katika nyumba moja ya California mwaka 1980.

Rogers alikuwa mpiga picha wa kazi, mkazi wa Point Reyes, pwani ya California. Mtu mmoja wa upande huo alipata vilebu wanane wa mbwa wa Kijerumani, wa aina ile inayotumiwa sana na polisi, akamwomba Rogers aje kuwapiga picha. Rogers alifika mwezi wa Septemba, akatazama, akaona kuwa kuwapiga vilebu peke yao hakutafaulu. Sababu yake si ngumu kuikisia kwa mtu ye yote aliyewahi kuwa na wanane wa namna hiyo uani. Akaamua kumketisha mwenye mbwa na mkewe juu ya benchi, na vilebu wote wanane wakapakatwa mikononi mwao, safu moja kutoka bega hadi bega. Mikono minne ikafanya kazi ambayo Frees aliifanya kwa pini na nguo ngumu. Alichagua benchi, mahali na mwanga, nao ulikuwa mwanga wa jua tu. Akapiga picha nyingi, akazichapa ndogo ndogo hamsini katika karatasi za kuchagulia, na katika hamsini hizo ikachaguliwa moja, isiyo na rangi ila nyeusi na nyeupe. Wenye mbwa walilipa dola 200 kwa nakala zao. Mwaka 1984 Rogers akairuhusu kampuni moja ya kadi kuichapa, na chapa ya kwanza ilikuwa kadi 5,000.

Mwaka 1987 kadi hizo zilinunuliwa na Jeff Koons, mchongaji wa New York aliyezaliwa York, Pennsylvania, si mbali sana na mji wa Frees. Koons aliichana ile sehemu ya kadi iliyotaja mwenye haki ya kunakili, akaipeleka picha Italia kwa mafundi wa kuchonga mbao, akawaagiza kuwa kazi iwe sawasawa na picha, na manyoya ya mbwa yaonekane kila unywele. Rangi akaongeza yeye: vilebu wakawa wa samawati, pua zao zikavimba, na mume na mke wakapambwa maua vichwani. Sanamu zilikuwa nne. Zilionyeshwa New York mwaka 1988 katika maonyesho ambayo jina lake lilikuwa na maana ya mambo ya kawaida yasiyo na ladha, na tatu zikauzwa kwa jumla ya dola 367,000. Habari zilimfikia Rogers kwa njia ya kuchekesha kidogo. Rafiki wa mwenye mbwa aliona gazetini, huko Los Angeles, kile alichodhani ni picha ile ile iliyotiwa rangi, akapiga simu kupasha habari. Mwezi wa Oktoba 1989 Rogers akafungua mashtaka.

Hoja ya Koons si ya kupuuzwa. Alisema ya kuwa picha ya watu waliokumbatia vilebu ni kitu cha kila mtu, mfano wa maelfu ya picha zinazouzwa madukani, na kwamba sanamu yake iliidhihaki jamii iliyojaza nyumba zake vitu vya namna hiyo. Kwa hakika iko kweli ndani yake. Hakuna awezaye kumiliki wazo la vilebu safuni, na mahakama haikusema kuwa yuko awezaye. Kesho mtu mwingine aweza kuketisha watu wengine juu ya benchi lingine na wanane wake, na Rogers asiwe na neno. Kosa la hoja hiyo lilikuwa kudhani ya kuwa kitu kinachoonekana cha kawaida hakikutengenezwa na mtu. Ile hali ya kawaida ndiyo aliyoitafuta Rogers katika picha hamsini, naye Koons aliposisitiza kwa mafundi wake kuwa wasibadili kitu, alikubali bila kujua kuwa thamani ilikuwa katika mpango wenyewe.

Jaji Haight wa mahakama ya wilaya, mjini New York, alimpa Rogers haki yake mwaka 1990, akaamuru nakala ya nne iliyobaki kwa mchongaji ikabidhiwe kwa mpiga picha. Siku chache baada ya amri hiyo Koons aliiazima sanamu kwa jumba la makumbusho katika Ujerumani, ikasafirishwa. Naye akatozwa faini ya kila siku kwa kuidharau mahakama mpaka airudishe. Tarehe 2 Aprili 1992 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Cardamone, ilithibitisha hukumu. Ilisema kuwa mtu akitaka kinga ya dhihaka ni lazima, walau kwa sehemu, aidhihaki kazi ile ile aliyoinakili, hata mtazamaji ajue kuwa ipo. La sivyo mwizi ye yote ataweza kusema kuwa anaukosoa ulimwengu. Na katika kutaja mambo yanayoifanya picha kuwa kazi ya mtunzi, liliwekwa mbele jambo la kuwapanga wanaopigwa, pamoja na mwanga, pembe na kuamsha sura inayotakiwa.

Hilo halikuwa geni. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Napoleon Sarony, mpiga picha wa New York, aliyempiga Oscar Wilde mwaka 1882, na kampuni moja ya uchapaji ikatoa nakala 85,000 bila ruhusa. Wachapaji walidai kuwa picha ni kazi ya mashine. Mahakama ikajibu kuwa Sarony ndiye aliyemketisha Wilde, akachagua mavazi, mapazia na mwanga, kwa hiyo yeye ni mtunzi. Lakini Wilde alikuwa mtu aliyejua kukaa, tena aliyependa kutazamwa. Mtu angeweza kusema nusu ya utunzi ilikuwa yake. Vilebu hawakuchangia neno. Katika kesi ya Rogers mpango wote ulikuwa wa binadamu, na labda ndiyo maana hukumu ilikuwa wazi zaidi.

Sheria haikusimama hapo. Mwaka 1994 Mahakama Kuu iliipanua nafasi ya dhihaka, na mwaka 2006 Koons mwenyewe alishinda kesi nyingine juu ya picha ya miguu ya mwanamke. Mwaka 2023 mizani ikaelemea tena upande wa mpiga picha, pale Lynn Goldsmith aliposhinda katika shauri la picha ya mwimbaji Prince iliyogeuzwa na Andy Warhol. Wanafunzi wa sheria wangali wakibishana juu ya vilebu wanane kila wanaposoma habari hizo.

Naye Koons hakuwaacha mbwa. Mwaka ule ule wa 1992, katika mji wa Arolsen, Ujerumani, alisimamisha kilebu mmoja mkubwa kupita nyumba, urefu wake zaidi ya mita 12, amefunikwa maua hai juu ya chuma. Tangu 1997 kilebu huyo ameketi mbele ya jumba la makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao, katika Hispania. Hatikisiki; ila maua yake hukua na kunyauka, na mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Mei na mwezi wa Oktoba, watunza bustani hupanda juu yake na kumvika mapya.