Dakika 45 za Knight Capital

Mwaka 2012 kampuni ya Knight Capital, yenye makao yake Jersey City, ilikuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa hisa nchini Marekani, na kazi ya kuyafikisha sokoni maagizo ya wateja ilikwisha kukabidhiwa mitambo. Soko la Hisa la New York lilipotangaza utaratibu mpya wa kuanza tarehe 1 Agosti, kampuni ikatengeneza programu mpya ya kuufuata, na tangu tarehe 27 Julai ikawa inanakiliwa kwenye seva nane. Fundi akainakili kwenye saba. Ya nane ikapitwa, wala hapakuwa na sharti lililoandikwa la kumtaka fundi wa pili aikague kazi ya mwenziwe. Humo katika seva ya nane mlibaki programu ya kale, Power Peg, iliyoachwa kutumiwa tangu mwaka 2003 pasi na kufutwa. Na, kwa taksiri ambayo machoni pangu ni kubwa kuliko usahaulifu wa fundi, alama iliyokuwa ikiiamsha programu hiyo ndiyo iliyochaguliwa kuiamsha mpya.

Siku ilipowadia, tokea saa mbili na dakika moja asubuhi, mtambo ukawapelekea wafanyakazi barua pepe 97 zenye kuitaja Power Peg, walakini hazikuwekwa ziwe ishara ya hatari (na nani asiyejua barua za mitambo zinavyosomwa!), basi soko likafunguliwa saa tatu na nusu, na seva ya nane ikaanza kununua na kuuza bila kikomo, kwani hesabu ya kuijulisha kwamba agizo limetimia ilihamishiwa kwingine mwaka 2005, na Power Peg isijaribiwe tena.

Mafundi, mtambo ukiwa bado unakwenda, wakaihukumu programu mpya kuwa ndiyo mkosa, wakaiondoa katika zile seva saba zilizokuwa salama, nazo zikabaki na ile ya kale. Maagizo yaliyofuata yakaiamsha Power Peg humo pia. Kurejea nyuma, ambako aghalabu huhesabiwa kuwa ndiko kwenye usalama, kulikuwa badiliko jingine, lililotendwa soko likiwa wazi na watu wasioijua hali ya kila seva.

Kwa muda wa dakika 45 hivi, maagizo 212 ya wateja yalizaa biashara milioni 4 za hisa zaidi ya milioni 397, na hasara ikapita dola milioni 460. Wawekezaji waliiokoa kampuni kwa dola milioni 400. Mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni ya Getco. Oktoba 2013 Tume ya Hisa na Dhamana ya Marekani ikaitoza faini ya dola milioni 12, ikibainisha, pamoja na mengine, kwamba haikuwa na utaratibu wowote wa kuwaongoza mafundi wake pindi mtambo uharibikapo.