Rezo ya Kongo: ni nani anaikata?

Wandugu wasomi, tukisikia vita ya intaneti, wengi tunafikiri Estonia. Mwaka 2007, wadukuzi walishambulia benki, magazeti na ofisi za serikali kule kwa wiki kadhaa. Lakini kwetu Kongo, rezo ilikatika mara nyingi bila mdukuzi hata mmoja. Tuangalie historia.

Desemba 2011, kiisha uchaguzi, serikali ilifunga mesaji za telefone tangu tarehe 3 mpaka 28. Viziwi njo walilalamika sana, maana mesaji ilikuwa sauti yao. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ikakatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya kura, ikakatwa tena, karibu siku 20. Kila mara ilitosha amri moja kwa kampuni za simu.

Sababu ya pili ni udongo, na hapo mutu wa agronomia hawezi kunyamaza. Waya wa WACS, unaoingia inchi yetu Muanda tangu 2013, umelala chini ya Atlantiki na unavuka korongo refu lililo mbele ya kinywa cha mto Kongo. Mwisho wa 2019 mto ulifurika sana. Januari 2020 tope likateremka chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100 kwa siku mbili, likakata WACS na waya mwingine, SAT-3. Agosti 2023 ikawa vilevile.

Sasa munaona: amri moja, ao tope moja, na inchi nzima inapunguka sauti. Adui wa kweli akija, atakuta milango ni ileile michache. Na leo, hapa Kasongo na kule Kabambare, pesa ya mgonjwa inapita kwa telefone, habari za usalama pia.

Wazee walikuwa na foni za misioni na za hospitali. Hazikuhitaji waya wa baharini. Tusizitupe. Redio za muji tuzitegemeze, namba na hesabu za lazima tuziandike pia kwa karatasi. Na sisi tuliosoma, tuchukue sheria ya mawasiliano ya 2020 na Kodi ya numeriki ya 2023, tuulize wabunge wetu: nani ana haki ya kufunga rezo, kwa sababu gani, na kwa siku ngapi?