Risiva za sauti za bei ya kati: mambo ya kupima kabla ya kununua Busia au Tororo

Mnunuzi anayetafuta sauti nzuri ya runinga katika miji ya Busia na Tororo ana masoko ya nchi mbili mbele yake, sarafu mbili na sheria mbili za kodi. Ana pia adui mmoja asiyejua mpaka, naye ni radi. Makala haya yanaeleza risiva ya sauti ni chombo gani, inatofautiana vipi na sabufa iliyozoeleka, na ni vigezo gani humsaidia mtu mwenye fedha za wastani kuchagua chombo kitakachodumu.

Risiva ni chombo gani

Katika maduka mengi neno risiva hutumika kwa vitu viwili. Wapo wanaomaanisha king'amuzi, yaani chombo kinachopokea matangazo kutoka kwenye antena au dishi na kuyapeleka kwenye runinga. Risiva ya sauti ni chombo kingine. Ndani yake mna vitu vitatu kwa pamoja: amplifaya ya kusukuma spika, redio, na swichi inayopokea nyaya za king'amuzi, deki, kompyuta au simu na kuchagua ipi isikike. Spika hazimo ndani yake. Hununuliwa peke yake na kuunganishwa kwa nyaya.

Sabufa, kwa upande wake, huweka amplifaya na spika kubwa ya besi katika sanduku moja, pamoja na spika ndogo mbili au zaidi. Bei yake ni nafuu, nayo huwa na redio, tundu la USB na Bluetooth. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu hutegemea sakiti moja. Ikiungua, sanduku zima hunyamaza.

Kati ya hivyo viwili kuna seti kamili ya sinema ya nyumbani inayouzwa katika boksi moja. Seti hiyo hupendeza dukani, lakini mara nyingi spika zake zina plagi na vipimo vya mtengenezaji yule yule tu. Chombo kikuu kikifa, spika nazima huwa vigumu kutumika kwingine. Mwenye risiva hubadilisha kilichoharibika tu, na spika zake zikiwa nzuri zinaweza kutumika na risiva ya pili na ya tatu.

Nani anahitaji spika tano

Risiva nyingi za bei ya kati huandikwa 5.1. Maana yake ni njia tano za sauti na moja ya besi: spika mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma na sabufa. Mpangilio huo hufaa filamu zilizorekodiwa hivyo.

Hata hivyo, si kila kinachotazamwa nyumbani kimerekodiwa hivyo. Kenya na Uganda zote zilichagua mfumo wa DVB-T2 zilipohamia matangazo ya dijitali, uhamiaji uliowekewa kikomo cha tarehe 17 Juni 2015 chini ya makubaliano ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Vipindi vingi vya chaneli za bure hutoka kwa njia mbili za sauti, kushoto na kulia. Filamu zinazosimuliwa na watafsiri maarufu, kama VJ Jingo wa Uganda na DJ Afro wa Kenya, nazo kwa kawaida huchanganywa upya na sauti ya msimulizi, na mgawanyo wa awali wa njia tano hupotea.

Kwa hiyo familia inayotazama habari, mpira na filamu za aina hiyo itafaidika zaidi na spika mbili nzuri kuliko tano hafifu. Anayetaka kuacha mlango wazi anaweza kununua risiva ya 5.1 na kuanza na spika mbili, kisha akaongeza nyingine kadiri mfuko unavyoruhusu.

Wati: namba inayopotosha zaidi

Boksi la sabufa linaweza kuandikwa maelfu ya wati. Namba hiyo mara nyingi ni PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja ya kimataifa, na kila mtengenezaji hukikokotoa apendavyo. Kipimo cha kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo.

Hata katika vipimo vya kweli, masharti ndiyo yanayotoa maana. Mfano ni Yamaha RX-V385, risiva ya 5.1 iliyotoka mwaka 2018. Karatasi ya mtengenezaji huipa wati 70 kwa kila njia pale njia mbili zinapofanya kazi pamoja, kwa masafa yote ya sauti na kwa mkwaruzo mdogo sana. Karatasi hiyo hiyo huipa wati 135 pale njia moja tu inapofanya kazi, kwa toni moja na kwa mkwaruzo wa asilimia 10. Chombo ni kile kile. Anayelinganisha risiva mbili sharti ahakikishe kuwa namba zote zimepimwa kwa masharti yanayofanana, la sivyo analinganisha kilo na lita.

Isitoshe, kuongeza wati maradufu huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inayohitajika ni takriban mara kumi. Kwa sebule ya kawaida, wati 50 za kweli kwa kila njia zinatosha na kubaki.

Spika na omu

Nyuma ya kila spika huandikwa omu, kipimo cha ukinzani wake. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8 au 6. Omu zikipungua, risiva hulazimika kutoa umeme mwingi zaidi na hupata joto zaidi. Risiva iliyoandikwa kwamba inakubali omu 6 hadi 16 isiunganishwe na spika ya omu 4 iliyotolewa kwenye gari, hata kama fundi atasema inalia vizuri. Italia vizuri kwa siku kadhaa, kisha itazima.

Kipimo cha pili ni desibeli ambazo spika hutoa kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 hutoa, kwa nusu ya wati, sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 87 huitoa kwa wati zote. Mara nyingi ni nafuu kununua spika yenye usikivu mzuri kuliko risiva kubwa.

Matundu ya kuunganishia

Risiva za miaka ya karibuni huunganishwa kwa HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti. Tundu la HDMI lenye alama ARC, lililoanza na toleo la 1.4 la mwaka 2009, huiwezesha runinga kurudisha sauti kwenye risiva kwa waya ule ule. Ni lazima alama hiyo iwepo pande zote mbili.

Risiva ya zamani isiyo na kinga ya HDCP 2.2 haitapitisha picha ya 4K yenye ulinzi. Mwenye runinga mpya aliyepata risiva ya zamani kwa bei nzuri anaweza kuunganisha vyombo vyake moja kwa moja kwenye runinga, kisha akatoa sauti peke yake kwenda kwenye risiva. Njia ya kufanya hivyo ni waya wa mwanga, unaochomekwa kwenye tundu dogo linalong'aa wekundu. Waya huo unabeba pia sauti ya Dolby Digital ya njia sita.

Radi na umeme wa mpakani

Kumbukumbu za miaka 10, kuanzia 1967 hadi 1976, zilionyesha kuwa Tororo husikia ngurumo za radi kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka. Idadi hiyo iliuingiza mji huo katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Kwa mnunuzi wa risiva, jambo hili lina uzito kuliko alama yoyote iliyo kwenye boksi.

Radi si lazima ipige nyumba ili iharibu vyombo. Ikipiga karibu, nguvu yake huingia kwa njia mbili: waya wa umeme na waya wa antena au dishi. Njia ya pili husahauliwa. Nguvu hiyo hupita kwenye king'amuzi, ikaingia kwenye waya wa HDMI na kuunguza matundu ya risiva, ingawa plagi ya risiva ilikuwa imechomolewa.

Hapa ndipo waya wa mwanga unapopata thamani ya pekee. Hauna shaba, hivyo haupitishi umeme. King'amuzi kikiunganishwa na runinga kwa HDMI, na runinga ikaunganishwa na risiva kwa waya wa mwanga tu, madhara yanayoingia kupitia antena hayana daraja la kuvukia hadi kwenye risiva. Kinachopotea ni urahisi wa kutumia rimoti moja, na kwa chaneli za kawaida ubora wa sauti haupungui. Kwa mkazi wa Tororo, risiva yenye tundu hilo ni chaguo bora kuliko yenye HDMI nyingi lakini isiyo nalo.

Kinga ya uhakika inabaki kuchomoa plagi ya umeme na waya wa antena kabla mvua haijafika. Ngurumo zikishaanza karibu, nyaya zisiguswe. Kuzima swichi ya ukutani pekee hakutoshi.

Umeme wenyewe ni volti 240 na plagi ni ya miguu mitatu pande zote mbili za mpaka, hivyo chombo cha Busia ya Kenya hakihitaji adapta katika Busia ya Uganda. Tatizo ni kupanda na kushuka kwa volti, hasa umeme unaporudi baada ya kukatika. Kifaa kinachochelewesha umeme kwa dakika chache kabla ya kuuruhusu, sawa na kile cha friji, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya risiva. Nyumba inayotegemea sola ya volti 12 haiwezi kuendesha risiva bila inveta. Kwa nyumba hiyo, sabufa ndogo ya volti 12 ndiyo jibu la busara.

Risiva pia inahitaji hewa. Kitambaa cha kufumwa kinachopamba vyombo vya sebuleni kikiziba matundu yake ya juu, joto litafupisha maisha yake.

Mitumba kutoka mbali

Risiva zilizotumika huja kwa bei ya kuvutia. Sehemu ya kwanza ya kusoma ni kibandiko cha nyuma. Cha Japani kitasema volti 100 na cha Marekani volti 120. Chombo hicho kikichomekwa kwenye volti 240 bila transfoma huungua papo hapo. Redio ya risiva ya Japani ina kasoro ya pili, inayofahamika na wenye magari ya kutoka huko: FM ya Japani haivuki megahezi 95, ilhali ya Afrika Mashariki huanzia 87.5 hadi 108. Stesheni nyingi hazitapatikana.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na wakazi wa Tororo huvukia zaidi Malaba. Uharaka wa kuvuka haufuti wajibu wa kutangaza bidhaa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, au Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ambao hauzidi thamani ya dola 2,000, huhusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Risiva iliyotengenezwa Asia haimo, hata ikiwa imenunuliwa Kenya. Nafuu wanayopewa wasafiri nayo imekusudiwa aliyekaa nje ya nchi kwa zaidi ya saa 24, si aliyevuka asubuhi na kurudi adhuhuri.

Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Uganda. Tofauti hiyo ni ndogo, nayo humezwa upesi na kiwango cha kubadilishia fedha na nauli. Anayepita njia za panya ili kuokoa kidogo huweka chombo kizima rehani, kwa kuwa mzigo uliokamatwa unaweza kutaifishwa.

Dhamana ya mtengenezaji mara nyingi huishia katika nchi ambamo chombo kiliuzwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Kudai haki katika nchi ya pili ni safari ndefu kwa mwenye mali ndogo. Risiti yenye namba ya chombo na jina la duka, pamoja na jibu la maandishi kuhusu mahali pa matengenezo, ni sehemu ya bei.

Kabla ya kulipa

Risiva ijaribiwe dukani kwa wimbo ambao mnunuzi anaujua vizuri. Kila tundu lijaribiwe, kila njia ya spika isikilizwe peke yake, na sauti ipandishwe taratibu. Mlio wa chini wakati hakuna kinachopigwa ni dalili mbaya. Uzito nao unasema jambo: risiva ya kweli ya daraja hili huwa na transfoma kubwa, na kilo 7 hadi 10 ni kawaida. Sanduku jepesi lenye wati elfu kadhaa halina mahali pa kuzitoa.

Vyombo viwili vikilingana kwa sauti na bei, uamuzi uende kwa kile ambacho fundi wa mjini anaweza kukifungua na kukipatia vipuri. Na kabla ya kutumia fedha zote kwenye risiva, kiasi kitengwe kwa ajili ya kifaa cha kuilinda na umeme. Tororo na Busia, kifaa hicho kitahitajika mapema kuliko spika ya tatu.