Mchezo wa Maadili na Kiti cha Tatu

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee historia. Najua wengi wenu mnafanya kazi na mashirika, tena wengine mko Migori na Homa Bay ambako ukitupa jiwe haliendi mbali kabla ya kugonga kibao cha mradi. Basi bila shaka mmewahi kukaa kwenye semina ya maadili, mkagawanywa vikundi, mkapewa kadi yenye kisa: "Mkubwa wako anakutaka uandike posho ya siku mbili ambazo hamkusafiri. Utafanya nini?" Majibu manne, pointi, kicheko, chai. Mchezo huu ulitoka wapi?

Ulitoka kwa watengenezaji wa silaha. Ndiyo, silaha! Miaka ya 1970 kampuni ya Lockheed ya Marekani ilinaswa ikiwahonga wakubwa wa nchi za nje, Japani na Uholanzi zikiwemo, na mwaka 1977 Marekani ikapitisha sheria dhidi ya hongo za ng'ambo. Muongo uliofuata zikaja kashfa za makampuni ya silaha kuitoza serikali bei za kuruka. Mwaka 1986 makampuni makubwa yakaahidi kwa pamoja kuwafundisha wafanyakazi wao maadili. Katika hali hiyo Martin Marietta ikatengeneza mchezo wa ubaoni ulioitwa Gray Matters: kisa, majibu manne, jibu zuri linakupa pointi, jibu baya linakukata. Mwaka 1995 kampuni hiyo iliungana na Lockheed (ile ile!), na mwaka 1997 wakatoa mchezo mwingine wenye Dilbert, yule mhandisi wa katuni anayeteswa na bosi wake. Kutoka huko mtindo umeenea kila mahali.

Kwa jicho la mwandishi wa programu, huo ni jedwali tu lenye safu mbili: jibu na pointi zake. Ukishacheza mara moja unajua ni jibu gani linalolipa, na kujua jibu linalolipa kwenye semina hakugharimu chochote. Lakini si hilo linalonisumbua zaidi. Kwenye kiwanda cha silaha pande ni mbili, kampuni na serikali, na zote zina mawakili. Kwenye shirika la misaada kuna mtu wa tatu, yule ambaye jina lake liko kwenye orodha. Mchezo ulipohamishwa, kiti chake hakikuongezwa.

Na dunia ilionywa mapema. Mwaka 2002 ripoti ya UNHCR na Save the Children ya Uingereza ilieleza madai kwamba wafanyakazi wa misaada nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone waliwataka wasichana wakimbizi ngono ndipo wawape chakula. Oktoba 2003 Kofi Annan akatoa waraka wa kupiga marufuku mambo hayo katika Umoja wa Mataifa. Waraka mzuri. Ila msichana hakuwa mezani ulipoandikwa, wala hayupo kwenye kadi za semina.

Turudi nyumbani. Mwaka 2015 shirika la GiveDirectly, linalotuma pesa taslimu kwa simu bila masharti, lilifika Homa Bay na kukutana na jambo ambalo halikulizoea. Karibu asilimia 45 ya watu walikataa pesa! Kwingineko wanaokataa huwa wachache sana. Uvumi ulisema pesa zile ni za waabudu shetani, na shirika lenyewe lilieleza kwamba miradi mingine ya maendeleo katika eneo hilo ilikuwa imepata upinzani wa namna hiyo. Wengi walicheka waliposoma habari hiyo. Mimi sikucheka. Ukiondoa shetani, linabaki swali la haki kabisa: nyinyi ni nani, na mnataka nini kwetu? Hilo ndilo swali la maadili ya kazi, limeulizwa na mtu asiye na kiti.

Miaka michache baadaye jibu chungu lilitoka Kivu Kusini, mashariki ya Kongo. Kwa kawaida GiveDirectly humtaka mpokeaji asajili laini yake mwenyewe. Kule, kwa sababu ya usalama na umbali, utaratibu ukalegezwa, wafanyakazi wakaruhusiwa kuwasajilia watu laini. Baadhi yao wakabaki na laini hizo. Shirika lilipotangaza wizi huo mwaka 2023, zilikuwa zimepotea takriban dola 900,000. Ni haki kulipongeza kwa kujitangaza. Lakini angalieni mlango ulikuwa wapi: kwenye huruma. "Mama, usihangaike, nitakusajilia mimi." Ingekuwa kadi ya Gray Matters, jibu hilo lingepata pointi za juu.

Ajabu ni kwamba vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vina dawa yake. Mtindo ulioanzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991 unatumia sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote. Katika vikundi visivyoandika sana, wanachama hukariri salio, na mkutano unaofuata wanalitaja kabla pesa hazijahesabiwa. Huo ni mchezo wenye kanuni, na kila mchezaji ni mlinzi.

Kwa hiyo nikiombwa kutengeneza mchezo kwa shirika la Migori, siandiki hata mstari mmoja wa programu. Nachukua viti vitatu. Cha kwanza afisa wa nyanjani mwenye kaya ishirini za kusajili kabla jua halijazama. Cha pili msimamizi anayepiga simu kila dakika tano akiuliza idadi. Cha tatu mama mwenye jina kwenye orodha, asiye na kitambulisho, na mwenye haki ya kusema sitaki. Hakuna pointi. Waliobaki wanahesabu kitu kimoja: ni mara ngapi mama ameulizwa swali ambalo halimo kwenye fomu. Raundi ya pili afisa anahamia kiti cha tatu.