Mji kasoro bahari, lakini gitaa lilikuwepo

Kuna wimbo mmoja ambao Mtanzania yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye redio anaujua hata kama hajui kwamba anaujua. Ni "Mkono wa Idi". Kila sikukuu ikifika, unarudi. Nimeusikia Dodoma, nimeusikia Kigoma, nimeusikia kwenye daladala ya Mbagala dereva akiuimba neno kwa neno. Lakini safari yangu ya mwisho Morogoro nilimuuliza kijana wa bodaboda aliyenichukua stendi: wimbo huu ni wa nani? Akafikiri kidogo, akasema, "Si wa redio ule?"

Sikumcheka, maana mimi mwenyewe nilimaliza chuo kikuu bila kujua. Wimbo ni wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na bendi hiyo ilikuwa ya hapohapo Morogoro, mji aliozaliwa yule kijana.

Wenyewe wanauita mji kasoro bahari. Una Milima ya Uluguru mgongoni, maji, matunda, kila kitu isipokuwa pwani. Ukiangalia ramani unaelewa kwa nini muziki ulikaa pale. Reli ya Kati inapita Morogoro kutoka Dar es Salaam kwenda bara, na mashamba ya mkonge yalizunguka mji hadi Kilosa. Penye reli pana wageni, na penye mkonge pana vibarua wanaolipwa mwisho wa mwezi na kutafuta pa kucheza. Hadhira ilikuwepo tayari.

Na santuri zikafika. Kampuni ya HMV ilikuwa ikitoa mfululizo wa santuri za muziki wa Cuba ulioitwa GV, zikasambaa Afrika Mashariki na Kati. Watu wakazipiga kwenye gramafoni mpaka zikachakaa. Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, alinaswa kabisa. Husimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka nyumbani hadi Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Cuba. Hakufika. Akarudi Moro, na mwaka 1948 akaanzisha kundi aliloliita La Paloma, ambalo baadaye likawa Cuban Marimba.

Hilo jina nimelitafakari sana. Watu wengi hudhani ni uigaji tu, vijana wa Kiafrika wanaotaka kuonekana Walatini. Sasa tazama neno la pili. Marimba si neno la Kihispania kwa asili, ni la kwetu sisi Wabantu. Lilivuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani, likaishi huko karne kadhaa, kisha likarudi kwenye bendi ya Morogoro likiwa limeambatana na neno "Cuban". Midundo nayo ilisafiri hivyohivyo. Salum hakuwa anaazima kitu cha watu. Alikuwa anapokea mzigo uliochelewa sana kufika, tena akauandikia maneno ya Kiswahili safi, ya mapenzi, ya sikukuu, ya nchi iliyokuwa inapata uhuru.

Mji ule haukuwa na bendi moja tu. Morogoro Jazz ilikuwa imeanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa mtu ambaye angekuja kuipa jina kubwa: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, akiwa mpiga gitaa la solo na mwimbaji, na baada ya muda akawa ndiye bendi yenyewe. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 pale Osaka. Hebu fikiria: bendi ya mji wa mkoani, si ya Dar, ndiyo iliyopanda ndege kupiga gitaa mbele ya dunia.

Mimi naamini ushindani ndio uliowakomaza. Ukiwa na bendi mbili kwenye mji mdogo, mashabiki ni walewale. Ijumaa wamekusikia wewe, Jumamosi wanakwenda kwa mwenzio, na Jumapili mtaa mzima unatoa hukumu. Huwezi kupiga ovyo. Msikilize Mbaraka kwenye "Dr. Kleruu", wimbo wa kumlilia mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971. Gitaa halishindani na maneno, linasubiri zamu yake.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Alitumia muda mwingi Kenya, na sababu haina siri: Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nyumbani ulirekodi Redio Tanzania, nyimbo zikapigwa hewani, lakini ukitaka santuri ya kuuza ilibidi uvuke mpaka. "Shida" ilitoka huko na kutikisa Kenya nzima.

Wote wawili waliuawa na barabara. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965, akiwa na miaka 37. Mbaraka alikufa kwa ajali Januari 1979 karibu na Mombasa, akiwa na miaka 34. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, na ikaendelea vizuri, ila ule mvutano wa majirani wawili haukurudi tena.

Siku hizi ukitaka albamu ya Salum Abdallah yenye maelezo kamili, iliyokusanywa vizuri, utaikuta imetolewa na Dizim, kampuni ya Ujerumani. Nawashukuru kwa dhati. Lakini inaniuma, maana yule kijana wa bodaboda hatakwenda kuitafuta huko.

Si kwamba Moro imenyamaza. Afande Sele alitoka pale, Belle 9 alitoka pale, Stamina alitoka pale, na anayemsikiliza Stamina anajua jinsi anavyoutaja mji wake bila kuchoka. Kijana wangu aliwataja wote watatu kabla hatujafika soko kuu. Mnyororo upo, pete za mwanzo ndizo hazionekani.

Tulipofika nilimchezea "Mkono wa Idi" kwenye simu, nikamwambia jina la mwenye wimbo na kwamba alikuwa mtu wa hapa. Akazima pikipiki. Akaniomba nirudie jina, akaliandika kwenye simu yake, kisha akauliza, "Ana nyingine?"

Anazo. Nilimpigia tatu, na nauli akakataa kuiongeza.